Muulize Mjomba: Dawa za zahanati, mbegu ya muhogo na mwekezaji wa heka elfu mbili

Haya jamani, barua za mwezi huu zimejaa ungo mzima, na nyingi ukizisoma zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, yani "hiki wanatuambia ni chetu, mbona hatukioni?" Zahanati yetu, mbegu zetu, ardhi yetu. Kwa wageni wa safu hii, mi nilikuwa tabibu wa zahanati za vijijini huku Mtwara na Lindi miaka mingi, nimestaafu, sasa hivi nina mihogo na mikorosho kidogo nje ya Mtama. Mnaniita Mjomba kwa sababu huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, mjomba ndo mwenye kauli, ingawa wapwa zangu wenyewe hawanisikilizi hata kidogo.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Sisi huku zahanati tunayo, jengo zuri bati jipya, matofali tulifyatua wenyewe. Ila kila ukienda unaandikiwa karatasi ukanunue duka la dawa. Diwani anasema siku hizi hela zinakuja moja kwa moja zahanati, haziishii wilayani. Sasa kama zinakuja mbona hata panado hakuna?
Mama wa watoto 4, Tandahimba

JIBU: Marahaba mama. Diwani wako hajakudanganya. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 serikali ilianza kupeleka fedha moja kwa moja vituoni, zahanati ikawa na akaunti yake benki na inapanga matumizi yake. Zamani kila kitu kilikaa kwa mganga mkuu wa wilaya, unataka hata ndoo ya kudekia unaandika barua alafu unakaa unasubiri. Mimi nimeshawahi kusubiri utambi wa friji la chanjo, yale ya mafuta ya taa, miezi miwili, utambi tu mama, na chanjo nikawa nazibeba kwenye boksi la barafu kwa baiskeli kila wiki. Kwa hiyo hela kushuka chini ni jambo jema, sitaki mtu aniambie turudi kule.

Ila kushuka ni kitu kimoja na kuonekana ni kingine. Kila zahanati inatakiwa iwe na kamati ya usimamizi wa kituo, na ndani yake wapo wananchi wa kawaida, sio watumishi peke yao. Kamati ndo inajadili mpango, inajua kimeingia nini, kimetoka nini. Sasa nenda kijijini kwako uliza wajumbe wa kamati ni kina nani, nakuhakikishia nusu ya watu hawawajui na wengine ni wajumbe wenyewe hawajui kama bado ni wajumbe.

Nikwambie kisa, na hiki kinanigusa mimi mwenyewe. Zahanati moja niliyofanyia kazi, siitaji, maboksi ya dawa yalikuwa yanafika jioni, gari lina haraka, mjumbe anafuatwa nyumbani kwake anasaini fomu ya kupokea kwenye mkeka hajaona hata boksi. Na mimi nikasaini, zaidi ya mara moja, kwa sababu nilikuwa nimechoka na dereva anapiga honi. Baadae tukaja kugundua vidonge vya malaria kwenye leja ni vingi, kabatini vichache, na kwa sababu saini yangu ipo sikuwa na mdomo wa kusema. Alafu ikaingia kamati mpya, ndani yake kuna bibi mmoja hajui kusoma. Siku maboksi yamefika akakaa kizingitini akasema hapa haondoki mtu, fungueni. Akawa anahesabu makopo kwa punje za mahindi, kila kopo punje moja kwenye kikombe, tukimaliza boksi namsomea namba ya kwenye karatasi yeye anahesabu punje zake. Dereva alinuna kweli kweli, na giza lilikuwa linaingia. Siku ile makopo mawili hayakuwepo na yakaandikwa kuwa hayakuwepo, pale pale, kabla gari halijaondoka. Toka hapo maboksi yakawa yanafika asubuhi, sijui ni kwa nini.

Kwa hiyo cha kufanya. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, simama uliza mapato na matumizi ya zahanati kama mnavyouliza ya kijiji. Dai orodha ya dawa zilizopokelewa ibandikwe ukutani. Na mjumbe asisaini bila kufungua boksi. Wenyewe mna vikoba, lile sanduku lina kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu, hakuna aliyewafundisha chuoni, mbona kwenye dawa mnaacha ufunguo mmoja?

Lakini pia usimtukane mganga mfawidhi kabla hujauliza, maana sio kila kabati tupu limeibiwa. Watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wasiojiweza wanatibiwa bure, ni sahihi kabisa, ila maana yake wagonjwa wengi hawaachi hela pale dirishani. Na Bohari ya Dawa, ile ya serikali, wakati mwingine wenyewe hawana, hapo zahanati inaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yule msambazaji binafsi aliyeteuliwa na mkoa. Mganga akikwambia "Bohari hawana" muulize kwa upole, "na mshitiri je?" Ukiona anashtuka kwamba unalijua hilo neno, ujue mazungumzo yameanza.

SWALI: Mjomba mambo vipi. Kuna mwekezaji kaja kijijini anataka heka elfu 2 alime kwa matrekta, anasema atatuletea maendeleo, chakula kitakuwa tele na vijana tutapata ajira. Wazee wanakataa, wanasema wanataka kubaki na vishamba vyao vya heka mbili mbili. Mi naona wazee wanatuchelewesha. Unasemaje?
Kijana, Nachingwea

JIBU: Poa mpwa. Yani wewe unaniandikia hivi kutoka Nachingwea? Nachingwea hiyo hiyo? Kakae na wazee wako wakuonyeshe tuta la reli lilipopita.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, vita imeisha, kwao mafuta ya kula hakuna, wakaamua walime karanga Tanganyika kwa mkupuo. Mpango ulikuwa heka milioni 3 na robo, Kongwa, Urambo na hapo kwenu. Wakaleta matingatinga, wakaleta mpaka vifaru vya vita vimegeuzwa kuwa trekta, bandari ya Mtwara ikajengwa kwa ajili ya hizo karanga na reli ikatandikwa kuja mpaka Nachingwea. Hawakuanza na shamba dogo la majaribio waone mvua inanyeshaje, waliruka moja kwa moja kwenye kubwa. Kongwa udongo wa kiangazi ulikuwa mgumu kama sakafu, karanga hazing'oki. Mwaka 1951 wakatupa jembe, pauni kama milioni 36 zimekwenda na maji, na reli yenyewe ikaja kung'olewa miaka ya 60. Wakati wote huo bibi zenu walikuwa wanalima karanga hapo hapo kwa jembe la mkono na wanakula, hakuna aliyekwenda kuwauliza.

Na usiseme ni wazungu tu. Sisi wenyewe korosho zilifika tani kama 145,000 msimu wa 1973/74, alafu zikaporomoka mpaka tani 16 elfu na kitu msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa nyingi, bei ilikuwa mbaya, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, uliingia, lakini mojawapo ni kuhamishiwa vijijini, watu wamepelekwa mbali na mikorosho yao, mkorosho usiopaliliwa unazama porini na anayejua kila mti kwa jina yuko kilomita 10 huko. Nilikuwa mdogo, nakumbuka baba anaondoka alfajiri kwenda kuokota, anarudi usiku na nusu gunia, ikafika mwaka akaacha kwenda.

Sasa sisemi mwekezaji ni mwizi, simjui. Nasema hivi, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 mwenye kauli kwanza ni mkutano mkuu wa kijiji, sio mwenyekiti na mtendaji wamekaa na mgeni kwenye soda. Heka elfu 2 ni kama hekta 800, na ikishazidi hekta 250 inakwenda hadi kwa waziri, na bado mkutano wenu lazima usikilizwe kwanza. Tena ardhi ikishahama kutoka ya kijiji kuwa ya jumla, yani ya kusimamiwa na serikali kuu, kuirudisha ni shughuli ya kukuzeesha. Muulizeni alime heka 50 kwanza misimu miwili kwa kukodi, kama kweli anajua kilimo hatokataa. Na ajira anazosema aziandike ni ngapi, za miezi mingapi.

Wazee wako na heka zao mbili mbili mvua ikigoma mahindi yanakufa ila mtama unabaki, mtama ukiliwa na ndege muhogo uko chini, mbaazi ziko pembeni. Shamba la zao moja likigoma limegoma lote. Ila na wazee nao wasijidanganye, heka mbili kwa mbegu iliyochoka ni kujitesa. Hapo Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwara, watafiti wametoa mbegu za karanga kama Mnanje na Mangaka toka 2009, ufuta pia upo, na bado kuna watu wanapanda zilizobaki kwenye gunia la kula. Wewe kijana kama una nguvu za kubishana na wazee, zipeleke kwenye kutafuta mbegu.

SWALI: Asalam aleykum Mjomba. Mihogo yangu majani yamejikunja yana madoa ya njano, jirani kanipa vijiti vya bure kutoka kwa ndugu yake Kilwa anasema ni mbegu kali. Nipande?
Mkulima, Newala

JIBU: Waaleykum salaam. Usipande, kwanza.

Hayo majani yaliyojikunja na madoa ni batobato. Lakini mi naogopa zaidi ile nyingine, michirizi kahawia, kwa sababu inajificha. Juu mti unaweza kuwa mzuri tu, majani ya chini yana unjano kidogo pembeni ya mishipa unadhani ni uzee, kumbe ukija kung'oa na kukata muhogo ndani una mabaka ya kahawia makavu kama gome, haufai kupika wala makopa. Zote mbili zinabebwa na inzi weupe, na zinabebwa na sisi, kwa vijiti hivi hivi vya bure tunavyopeana kwa upendo, tena ndo vinasafiri mbali kuliko inzi. Kijiti cha Kilwa kinaweza kuwa kizuri sana ila wewe hujauona muhogo wake umekatwa.

Kama unachukua mbegu shambani kwako, funga kamba ya rangi kwenye miti mizima mapema, majani bado yapo, maana kiangazi majani yakipukutika yote yanafanana. Siku ya kuvuna pasua mizizi ya ule mti, ukiona weupe mtupu ndo kata vijiti vyake, kila kimoja macho 5 mpaka 7, ukikuta kahawia mti mzima unakwenda moto. Hii haihitaji mtaalamu kutoka popote, panga na macho tu.

Alafu hapo hapo wilayani waulize wakulima wanaozalisha mbegu za kuazimiwa ubora. Hawa ni wakulima kama wewe wamesajiliwa, mashamba yao yanakaguliwa chini ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na mbegu ya kuanzia inatoka kituo cha utafiti, huku kwetu ni TARI Naliendele. Aina kama Kiroba inastahimili michirizi, nasema inastahimili, sio kwamba haiugui. Napenda huu utaratibu kwa sababu mbegu inazalishwa karibu, unamjua anayekuuzia na ukipata mbovu unajua mlango wa kugonga, lakini kupima virusi na kutengeneza aina mpya kunabaki kwa wenye maabara. Kuna watu wanasema kila kitu kirudi kijijini, mi sikubaliani, kirusi hakionekani kwa kukitolea macho na upasuaji wa uzazi pingamizi sitaki ufanyike zahanati kwa tochi. Mpeleke hospitali, mpeleke Nyangao, mpeleke Ndanda, mpeleke Ligula. Cha karibu kiwe karibu na cha mbali kiwe na gari.

SWALI: Mjomba shikamoo, mimi nimechaguliwa kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii kitongoji chetu, nimepita mafunzo. Shida watu wananiona mtoto wa juzi, wengine wanataka niwachome sindano, wengine wanasema naingia majumbani kupeleleza nani ana choo nani hana. Nifanyeje?
Binti, pembeni ya Mikindani

JIBU: Marahaba binti yangu, hongera. Unajua hii kazi sio mpya, wenye mvi wanaikumbuka. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, watu wanakaa vikundi chini ya mwembe wanasikiliza redio, kikundi kina kiongozi wake na kijitabu, wakimaliza wanajadili alafu wanaenda kuchimba choo. Walishiriki watu kama milioni 2 nchi nzima. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, mtindo ule ule. Waziri wa Afya wakati huo alikuja kuwa Dr Leader Stirling, Mwingereza aliyefika Masasi toka 1935 akafanya kazi Lulindi na baadae Mnero, kwa hiyo kijiji alikuwa anakijua kwa miguu yake.

Baadae wakawepo wahudumu wa afya wa vijiji, kijiji ndo kilitakiwa kiwalipe, na kijiji hakikuwa na hela, wakaacha mmoja mmoja wakarudi shambani. Ndo maana mi nilifurahi mpango wa 2024 ulipotangaza wahudumu 137,294 kwa nchi nzima, wana mafunzo ya miezi sita na posho. Posho ikichelewa msikae kimya, mkikaa kimya yatajirudia yale yale.

Sindano usichome, hata wakikuita majina. Kazi yako ni kuona mapema. Nikupe mfano mmoja tu ambao ungenisaidia sana mimi ningekuwa na mtu kama wewe kila kitongoji. Ule mkanda wa kupimia mkono wa mtoto, una rangi tatu. Kijani ni sentimita 12.5 kwenda juu, njano kati ya 11.5 na 12.5, nyekundu chini ya 11.5. Nyekundu inaondoka na wewe siku hiyo hiyo kwenda zahanati, usiseme kesho. Na mtoto anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea huyo hupimi kitu, ni kukimbia.

Ukikuta njano usianze kuhutubia mboga za majani. Omba uone karanga za uji. Huku kwetu, na ninasema kwa aibu kwa sababu nyumbani kwangu ilikuwa hivyo hivyo, mavuno yakija tunachambua, karanga nzuri nono zinaenda kwa mnunuzi, zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu zinabaki "za watoto". Hizo ndo zenye sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa nafaka yenye sumu hiyo, na kuichemsha au kuikaanga haiondoki. Mchukue mama, mmwage hizo karanga kwenye ungo juani, mzichambue tena pamoja, zenye rangi rangi mzifukie, kuku wasipewe. Nusu saa hiyo mkiwa mmekaa chini mnachambua atakwambia mambo ambayo kwa daftari lako la maswali asingekwambia mwaka mzima, na choo chake atakuonyesha mwenyewe.

Taifa zima watoto 30 kati ya 100 wamedumaa, utafiti wa 2022 ulisema hivyo, na sisi ndo watu wa korosho na ufuta, hela ya msimu tunaiona kwa macho. Hilo la kujadili kikundini, chini ya mwembe, redio siku hizi mnazo mfukoni.

SWALI: Mjomba mikorosho yangu ina sisimizi wekundu wanaouma balaa, wafanyakazi wanagoma kupalilia. Nipige dawa gani?
Msomaji, Mtwara Vijijini

JIBU: Usipige! Hao ni maji moto. Wanamla yule mdudu tunayemwita mbu wa mikorosho na mbu wa minazi anayenyonya machipukizi na korosho changa, ni askari wako wa bure, mshahara wao ni kukuuma wewe. Ukipuliza sumu ya wadudu unawaua wao kwanza na mbu anarudi. Watu wako wapalilie asubuhi na mapema, wavae mikono mirefu, wapake majivu miguuni. Salfa ya ubwiriunga ni habari nyingine, hiyo ni ya ukungu, msimu wake unaujua.

SWALI: Mjomba, ming'oko, ile mizizi ya kuchimba tunayokula, siku hizi ipo mbali sana porini, zamani ilikuwa nyuma ya nyumba. Imeenda wapi?
Mzee mwenzio, Masasi

JIBU: Tumeila, mzee mwenzangu. Vijana wanachimba ya kuuza barabarani, wanang'oa mpaka shina ili wamalize haraka. Sisi tulifundishwa ukate chini, kichwa chake ukiache na shina lake, urudishie udongo na ukanyage kidogo kwa mguu, mvua zikija kamba inapanda tena. Nimejaribu mashimo matano nyuma ya mikorosho yangu mwaka jana kwa kuacha vichwa hivyo hivyo. Matatu yameota. Mawili nguruwe pori.